Kufungua zahanati kijijini huku Tanga: tafuta tabibu kwanza, matofali baadaye

MfawidhiMstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wangu shikamooni.

Simu ninazopigiwa siku hizi zina maneno yale yale: "Mzee, boma limeshafika kwenye lenta, nielekeze namna ya kusajili." Nikaona heri niandike mara moja hapa, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Kwa wasionijua, nimestaafu, lakini kwa miaka mingi nilikuwa kwenye timu ya afya ya halmashauri moja humu mkoani. Wale mnaowaona wakishuka kwenye Land Cruiser na mafaili kwapani, mwenye kituo anakimbilia ndani kutafuta koti jeupe. Kwa hiyo haya nimeyaona nikiwa upande wa mkaguzi.

Jengo zuri halikupi usajili. Unaupata kwa sababu kuna mtaalamu aliyekubali jina lake liandikwe kwamba yote yatakayofanyika mle ndani yako chini yake. Huyo ndiye mganga mfawidhi. Mwenye mtaji anaweza kuwa mkulima wa Maramba, mvuvi wa Moa au mwenye duka la vitenge Barabara ya Nane, hilo halina neno. Bila mfawidhi hakuna faili.

Zahanati ya kijijini mara nyingi mfawidhi wake ni tabibu, yule wa diploma ambaye huku sote tunamwita daktari na yeye hakatai. Lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni yake iwe hai. Mtu anakuletea cheti cha chuo kimepigwa laminesheni, kinang'aa kama sahani ya Idi, ukimuuliza leseni ya mwaka huu anaanza kukuna kichwa. Muuguzi mkunga naye ana baraza lake, wa maabara ana lake, wa dawa ana lake. Kila mmoja anakaguliwa kwa karatasi yake.

Tena mtu huyo awepo. Hapa ndipo penye ule mchezo wa kukodi vyeti: jina la tabibu liko ukutani, tabibu mwenyewe yuko Dar, anatumiwa pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, na anayetibu ni mhudumu aliyejifunza kwa kuangalia. Wengine ni waajiriwa wa serikali, asubuhi yuko kituo chake cha kazi na jina lake limebandikwa kwenye zahanati tatu za watu binafsi. Sasa hivi majina yameingia kwenye mifumo, namba yako ya usajili ikitajwa sehemu mbili inaonekana. Zamani tulikuwa tunawagundua kwa kukutana nao sokoni.

Sababu ya sheria kushikilia mtu ina historia. Sheria ya Hospitali Binafsi ni ya 1977, na ilipotungwa ilizuia mtu binafsi kutibu kwa faida. Walioruhusiwa ni mashirika yaliyoidhinishwa, hasa ya dini. Ndiyo maana wazee wetu wakitaja hospitali isiyo ya serikali wanataja misheni tu. 1991 sheria ikarekebishwa, mtaalamu binafsi akaruhusiwa. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa kwa ajili ya mtaalamu, mwenye pesa ameingia nyuma yake.

Sasa jengo. Nyumba ya kuishi inaweza kubadilishwa ikawa zahanati, nimeziona, ila ifikirie kama mgonjwa. Anafika anakaa wapi? Anaonwa na tabibu kwa faragha au waliokaa kwenye benchi wanasikia? Sindano na vidonda vina chumba chao? Dawa zinakaa chumba kisicho na joto la bati? Vyoo vya wagonjwa na vya watumishi vimetenganishwa? Kiti cha magurudumu kinapita? Maji yanatiririka kwenye sinki, na yasipotoka kuna ndoo yenye koki? Sakafu na kuta zioshike. Rangi ya chokaa inayokushika mgongoni ukiegemea, hapana.

Nyuma ya jengo ndiko wengi wanakofeli. Panatakiwa tanuri ya kuchomea taka, shimo la majivu na, kama mtazalisha, shimo la kutupia kondo la nyuma baada ya uzazi. Huku pwani yetu shimo la kondo ni mtihani. Kwale, Moa, Manza, ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Nimewahi kufunuliwa mfuniko wa shimo la kondo wakati wa masika, maji yamejaa hadi juu, na kisima cha jirani kinaonekana pale pale kwa macho. Fundi alikuwa amechimba kama anavyochimba shimo la choo nyumbani kwake. Mahali pa namna hiyo unatafuta sehemu iliyoinuka ya kiwanja, unajengea saruji kotekote na kuinua mdomo wa shimo juu ya ardhi, na unamwita afisa afya aje aone kabla ya kuchimba. Haulipi chochote kumwita afisa afya aje aangalie ardhi.

Njia ya karatasi yenyewe: barua ya serikali ya kijiji na kata, mganga mkuu wa halmashauri na timu yake wanakuja kukagua, inapanda kwa mganga mkuu wa mkoa, inakwenda Wizara ya Afya kwa msajili wa hospitali binafsi na bodi yake ya ushauri. Ukipita unapewa usajili na kituo kinaingia kwenye rejesta ya vituo ya taifa na namba yake. Ile namba iwekeni moyoni, bila hiyo hakuna bima, hakuna chanjo, hakuna vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia takwimu za wagonjwa. Pembeni kuna Zimamoto, OSHA wa usalama mahali pa kazi, TRA wa kodi. Ukiwa na maabara, inasajiliwa peke yake kwa Bodi ya Maabara Binafsi. Watu wanadhani usajili wa zahanati unameza kila kitu. Haumezi.

Na usitibu kabla ya usajili. Hata "majaribio". Hata kwa jirani.

Maswali karibuni, ila nina tabia ya kulala mapema.

---

Mkwezi_wa_Maramba

Mzee shikamoo. Umenipiga mshale wa moyo, mimi ndiye niliyeko kwenye lenta. Vyumba vinne na ukumbi. Nifanye nini sasa, nibomoe?

MfawidhiMstaafu

Marahaba mwanangu. Usibomoe, na usipige plasta. Chumba utakachokipa uzazi, kama unafikiria uzazi, angalia mlango: mama akibebwa kwenye machela anapita bila kuinamishwa? Ukishindwa, panua sasa hivi ni tofali chache. Kingine nikuulize, kiwanja kina karatasi gani?

Mkwezi_wa_Maramba

Cha baba. Alipewa na kijiji enzi hizo, hatuna karatasi.

MfawidhiMstaafu

Basi hilo lianze. Ardhi ya kijiji ina sheria yake ya 1999, unaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Baba akiwa hai ni kazi nyepesi. Baba akifariki mnajikuta ndugu saba, kila mmoja ana mpango na kile kiwanja, na zahanati yako iko katikati.

---

Chungwa_Tamu

Mimi nina duka la dawa muhimu huku Muheza vijijini. Watu wananiomba sindano na dripu kila siku, wengine usiku. Nikiwaambia sichomi wananiona nina roho mbaya. Nikiongeza chumba nyuma ya duka na kitanda kimoja nitakuwa nimefanya vibaya sana? Nauliza kwa nia njema.

Mfamasia_Pongwe

Ndugu yangu nia njema haiandikwi kwenye fomu ya ukaguzi. Duka la dawa muhimu liko chini ya Baraza la Famasi, lina orodha yake ya dawa na muuzaji aliyepita mafunzo. Mpango ulianzia Ruvuma 2003 kwa sababu yale maduka ya dawa baridi yalikuwa yanauza kila kitu bila mpangilio. Kazi yake ni kutoa dawa na kumwelekeza mgonjwa aende kituoni. Kuchoma sindano na kutundika dripu ni kutibu, na kutibu kuna usajili mwingine kabisa. Chumba nyuma ya duka ndicho mkaguzi anachokifungua kwanza, maana anajua.

Na upande wa pili ujue: ukifungua zahanati, dawa za mle ni za wagonjwa wa mle walioandikiwa. Huwezi kufanya dirisha la dawa liwe duka la mtaa mzima kwa usajili ule ule.

Chungwa_Tamu

Haya nimekupata. Lakini muwaambie na hao wagonjwa.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Mimi nitakuwa tofauti, mnisamehe. Haya masharti yameandikwa na watu waliokaa ofisini Dodoma kwenye kiyoyozi. Mtu wa Mwakijembe anaumwa usiku, hana pa kwenda, mnamwambia asubiri tanuri ya kuchomea taka? Sheria moja ya Tanga mjini na ya porini, mnaona sawa? Kule mjini tabibu anapatikana kila kona. Kijijini ukimpata mmoja unamshukuru Mungu, halafu mnamdai leseni, maabara, OSHA, zimamoto. Gari la zimamoto lenyewe mara ya mwisho kufika kijijini kwetu ni lini? Wallahi hii ni kuwanyima maskini huduma kwa kisingizio cha ubora.

Mkunga_wa_Zamu

Kaka Kisiki, mimi ni mkunga, niko kituo cha serikali, sitasema kipi. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Alfajiri moja aliletwa mama kwenye bodaboda, kakaa katikati, mume nyuma amemshika. Mimba ya nne. Alikuwa ametoka kwenye nyumba moja inayojiita zahanati, bango lipo, msalaba mwekundu upo, usajili haupo. Uchungu ulikuwa unasuasua, wakamchoma sindano ya kuongeza uchungu. Ile dawa ni nzuri mno baada ya mtoto kutoka, inazuia mama asitokwe na damu. Kabla mtoto hajatoka, inatiwa kwenye dripu kwa matone yanayohesabiwa, mama anaangaliwa bila kuachwa, mahali ambapo upasuaji unawezekana. Kuichoma msuli na kumwacha kitandani ni kumpasua kizazi kwa mkono wako. Na ndicho kilichotokea. Tulimkimbiza rufaa, yeye alipona, mtoto hatukumpata, na kizazi kilitolewa.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Aliyemchoma alikuwa mtu mwema, kila mtu kijijini anampenda. Hajui asichokijua, basi. Hizo karatasi unazosema za kiyoyozi, moja yake ingeuliza: nani anazalisha hapa, na kasomea wapi?

Kisiki_cha_Mpingo

Pole sana dada. Sikatai. Ila bado swali langu limesimama: OSHA na zimamoto zilimsaidia nini huyo mama?

MfawidhiMstaafu

Kisiki, hilo la taasisi nyingi nakuunga mkono, tena nililisema nikiwa kazini. Kila mmoja anakuja kivyake, na ada yake na siku yake, na mfawidhi anaacha wagonjwa kwenye benchi ili azungushe wageni. Wangekuja pamoja siku moja wangepunguza nusu ya kilio. Kizimamoto mwenye kituo akinunue tu, si bei ya kuuza mbuzi wote.

Lakini usichanganye na la mtaalamu. Kwa mtaalamu sitaki hata nusu hatua ya kulegeza, na kijijini ndiko pa kukaza zaidi. Mjini tabibu akikosea, hospitali ya Bombo iko dakika chache. Mwakijembe akikosea, mgonjwa ana barabara ya vumbi mbele yake, na mvua ikiwa imenyesha ni barabara ya tope.

---

LungaLunga254

Hamjambo majirani. Mimi niko upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, Kenya. Huku kwetu clinical officer, yaani tabibu wenu, akishapata leseni ya kujitegemea kutoka baraza lao anaweza kufungua kliniki yake mwenyewe, na vituo vinapewa ngazi kwa namba, level two ndiyo zahanati, level three kituo cha afya. Kwa hivyo hata sisi ni mtu kwanza. Shida yetu ni malipo. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF kwenye bima ya afya ya taifa mwezi wa kumi 2024 wenye vituo vidogo wanalia. Na wagonjwa wenu wanavuka wanakuja kwetu, wetu wanavuka kwenda kwenu, ile mipaka ya Wajerumani na Waingereza Wadigo hawajawahi kuiona.

Mkwezi_wa_Maramba

Hapo kwa Wadigo umesema kweli tupu. Mama mkubwa wangu kliniki anakwenda upande anaopata gari mapema.

---

Boma_Bila_Bati

Naomba kutoka kidogo nje ya mada mods mniwie radhi. Sisi si watu binafsi, ni kijiji. Tulichangishana, tukabeba mawe na mchanga wenyewe, boma la zahanati likasimama. Sasa ndani ya boma umeota mpera na unazaa. Tuliambiwa kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Kwani zahanati ya serikali nayo inataka usajili au tunaonewa?

MfawidhiMstaafu

Hauko nje ya mada, uko katikati yake. Kauli ya zahanati kila kijiji ilitoka kwenye MMAM, mpango wa maendeleo ya afya ya msingi ulioanza 2007, na iliwafanya watu wengi wajenge kwa moyo. Kilichosahaulika ni kwamba kuta ndiyo gharama ndogo. Ikama ya serikali, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, ya 2014 hadi 2019 iliiwekea zahanati moja watumishi 15 kwa uchache, kituo cha afya 39. Ninyi mnaofahamu zahanati zetu hesabuni wenyewe mnaona wangapi. Nimekagua zahanati za serikali zenye muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, muuguzi akienda semina mhudumu ndiye serikali.

Kituo cha serikali hakipiti njia ya hospitali binafsi, lakini nacho lazima kikaguliwe kabla ya kufunguliwa, kiingie kwenye rejesta, kipate namba, kipate watumishi, kifunguliwe akaunti ya kupokea fedha, kiunganishwe na Bohari ya Dawa. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo kituo ambacho hakimo kwenye rejesta hakipo. Ushauri: mtendaji wa kijiji asiandike barua ya kuomba bati tu. Aandike ya kuomba kituo kiingizwe kwenye bajeti ya halmashauri pamoja na ikama. Bati bila ikama mtapata ghala.

Boma_Bila_Bati

Ghala tayari lipo, vijana wanaanikia mihogo.

MzeeMkonge

Nyie watoto wa juzi. Enzi za mkonge kila shamba kubwa lilikuwa na zahanati yake kwa manamba na familia zao. Bei ya mkonge ilipoanguka na zahanati zikaanguka. Majengo mengine bado yapo, mazuri, ya mawe. Mkwezi angeenda kuyatazama kabla ya kujenga lake.

---

Mama_Zahanati

Jamani mimi ninayo, inatembea, iliyosajiliwa. Mzee kaeleza vizuri karatasi ila hajagusa njaa. Ngoja niiguse mimi.

Sera ya nchi inasema mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo wanatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Sera nzuri, hata mimi nimezaa kwa hiyo. Lakini kwa mwenye zahanati binafsi ina maana kwamba wagonjwa wengi wa kijijini wana haki ya kwenda bure kwa jirani yako. Watakuja kwako kwa nini? Kwa sababu jirani amefunga saa tisa na nusu, au dawa zimekwisha, au foleni. Kwa hiyo unauza saa za usiku na kabati la dawa lisilo tupu. Ukijenga mita mia tatu kutoka kituo cha serikali kinachofanya kazi vizuri umejichimbia kaburi, hata bodi ikikupitisha.

Pili, pesa ya kijijini ina msimu. Huku Muheza machungwa yakitoka watu wanalipa mpaka deni la mwaka jana. Machungwa yakiisha wanakuja na kuku. Kuku nampokea, ila mshahara wa mtu wa maabara haulipwi kwa kuku, naye ana watoto.

Tatu bima. Mnaambiwa sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, mnaona hela zinakuja. Taratibu. Mkataba wa bima unafuata ngazi ya kituo. Zahanati ni ngazi A. Kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu kila dawa ina herufi yake, A, B, C, na kupanda juu. Tabibu wako akiandika dawa ya ngazi C kwa sababu mgonjwa kaiomba, au kwa sababu alizoea alipokuwa hospitali ya wilaya, dai linakatwa. Wewe dawa umeshainunua na mgonjwa ameshaimeza. Mimi nimebandika orodha ya ngazi A juu ya meza ya tabibu kwa herufi kubwa, na bado mwisho wa mwezi nakaa na fomu moja moja kabla hazijaondoka.

Nne vitabu. Hata ukiwa binafsi unajaza MTUHA. Kitabu cha tano cha wagonjwa wa nje, cha sita cha wajawazito, cha saba cha watoto, na ukizalisha cha kumi na mbili. Taarifa inakwenda halmashauri kila mwezi. Wenzangu wanaona ni kazi ya serikali. Mimi ndiyo inayonipa chanjo: halmashauri inaniletea, mimi natoa friji, joto liandikwe asubuhi na jioni liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na simtozi mtu senti kwa chanjo. Mama akileta mtoto chanjo leo, kesho akiumwa yeye anakumbuka njia.

Mkwezi_wa_Maramba

Mama ahsante kwa ukweli. Kutoka kwangu mpaka kituo cha serikali ni mwendo wa bodaboda kama nusu saa kiangazi.

Mama_Zahanati

Basi pana nafasi. Uliza na kituo chao kinafungwa saa ngapi.

---

BintiDaluni

Shikamoo baba mwanzisha uzi, na wakubwa wote. Mimi ni muuguzi mkunga, diploma, leseni hai, niko Dar natamani kurudi nyumbani. Nina akiba kidogo. Tabibu sina. Siwezi kuanza mwenyewe kwa huduma za wajawazito tu?

Mkunga_wa_Zamu

Mdogo wangu hongera kwa kutamani nyumbani. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ni ya 2010, na muuguzi kujitegemea kumo ndani yake, ila kwa masharti yake, na baraza letu ndilo la kukupa jibu kwa daraja lako. Mimi nitakuambia la kazi. Kuzalisha ni kazi ya usiku. Ukiwa peke yako, usiku wa pili umechoka, wa tatu unakosea. Na mjamzito unamtibu pia malaria, presha, damu kupungua, kwa hiyo maabara inahitajika na mtu wa kuandika dawa anahitajika. Mkiwa wawili, wewe na tabibu, mna zahanati. Ukiwa peke yako una simu isiyozimwa.

MfawidhiMstaafu

Marahaba mwanangu. Mkwezi ana kuta hana watu. Wewe una nusu ya watu huna kuta. Kutoka Daluni mpaka Maramba si mbali. Mimi si mshenga ila mnaonana hapa hapa kwenye uzi.

Mkwezi_wa_Maramba

Mzee umeona mbali. Dada karibu tuzungumze, kuta zipo.

BintiDaluni

Nashukuru kaka. Ila kwa maandishi, mimi nitataka mkataba. Nani anamiliki nini, na mkaguzi akikuta kosa linaandikwa kwa nani.

Mama_Zahanati

Huyu binti nampenda. Na kwenye mkataba andikeni nyumba ya mtumishi. Tabibu hakimbii mshahara mdogo peke yake, anakimbia kulala kwenye chumba cha kupanga kisicho na umeme, mbu wakimla.

---

Fundi_Mashine

Swali la haraka. Kuna mtu anauza mashine ya eksirei kuukuu, bei ya kutupa, na nyingine ya ultrasaundi. Inafaa kwa zahanati?

MfawidhiMstaafu

Eksirei iache. Ile ina mionzi, inataka leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, chumba cha kuta maalumu na mtaalamu wake, na si mzigo wa zahanati. Ultrasaundi haina mionzi ya namna hiyo, lakini muulize kwanza muuzaji karatasi za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, halafu muulize nani ataisoma picha. Nimeona sehemu mama anaambiwa jinsia ya mtoto na mtu ambaye hajui kondo limekaa wapi.

Kisiki_cha_Mpingo

Mzee hapo na mimi nakuunga mkono, leo tu.

BintiDaluni

Baba, nimewaza tangu jana. Kuna tabibu nilifanya naye kazi, yuko kituo binafsi Handeni, mkataba wake unaisha karibuni. Mkewe kwao ni Maramba.

MfawidhiMstaafu

Kama mkewe kwao ni Maramba huyo atakaa. Mwambie aangalie leseni yake inaisha lini, na kama ana jina popote pengine alifute kwa barua, nakala abaki nayo. Akija, Mkwezi amzungushe kwenye vile vyumba kabla ya plasta, yeye ndiye aseme kipi kiwe kipi.

Mkwezi_wa_Maramba

Aje hata Jumamosi. Nauli yake juu yangu.